Kituo chako cha watoto na siasa: ufunge bango getini au liishie nyumbani kwako? Tulinganishe

Kila msimu wa kampeni ukifika hili swali linarudi, na safari hii nimeulizwa na watu watatu ndani ya wiki mbili, wote wana vituo vya kulea watoto, wote wana mgombea wanayempenda kwa dhati kabisa na wote wameshaletewa bango. Mmoja keshalifunga getini. Kwa hiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja, nilinganishe kuonyesha wazi na kutoonyesha, pamoja na ile njia ya katikati ambayo wengi wanaiishi bila hata kujua, ili mtu akiamua aamue anajua kachukua nini na kaacha nini.

Niseme mapema nimesimama wapi ili usome ukijua. Rangi za chama na sura ya mgombea mi naona hazina nafasi pale mtoto anapopokelewa. Lakini pia mwenye kituo kunyamaza kimya kuhusu siasa zinazogusa malezi, hilo nalo naona ni kosa, na nitaeleza.

Kituo sio duka

Watu wengi wakijadili hili wanaanza na mfano wa duka, kwamba mbona fulani kabandika picha ya mgombea dukani kwake na biashara inaenda. Sawa, inaenda, kwa sababu mteja wa duka asipopenda anavuka barabara ananunua kwa mwingine, kesho amesahau. Mzazi hawezi kuvuka barabara. Mtoto wake alilia wiki mbili za kwanza mpaka sauti ikakauka, sasa kaacha, anamjua mlezi wake, anajua kona yake ya kulala, kumhamisha ni kuanza kile kilio upya na pengine hata nafasi kwingine hakuna. Kwa hiyo mzazi asiyependa bango lako haondoki. Anabaki. Ila anabaki kafunga mdomo, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo kwa sababu kituo cha watoto kinaendeshwa na maneno ya pale mlangoni. Kalala saa ngapi, kakohoa usiku, hajapata choo tangu juzi, baba yake kasafiri kwa hiyo leo atakuwa na kisirani, mchukueni taratibu. Dakika mbili hizo za kukabidhiana ndio nusu ya kazi yetu.

Hili sijalisoma mahali, limenitokea. Kituoni kwangu tulikuwa na mtoto wa miaka miwili na kidogo, mama yake mtu wa maneno mengi, kila asubuhi anakupa ripoti nzima huku anamvua koti. Msimu wa uchaguzi nikabandika stika kwenye kioo cha mlango, ndogo tu, ukubwa wa kiganja, chini ya ratiba ya siku. Mama hakusema kitu. Ila ripoti zikaanza kufupika, ikawa salama, salama, anamshusha, anambusu, anaondoka. Siku ya nne au ya tano saa tano asubuhi mtoto akaamka wa moto, macho yamelegea, na fomu ya ruhusa ya kumpa dawa tunayo, nikachukua chupa ya paracetamol ya maji nikaanza kupima. Sijui ni nini kikaniambia piga simu kwanza. Nikapiga, mama akasema mbona nilishampa saa mbili nikiwa namvalisha viatu. Paracetamol ya mtoto dozi na dozi zinatakiwa kupishana masaa manne mpaka sita, na mwisho dozi nne kwa siku, mi nilikuwa nakwenda kumpa ndani ya masaa matatu. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia asubuhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sikutaka kukaa pale mlangoni."

Jioni nilibandua ile stika. Gundi ikabaki kwenye kioo, niliisugua kwa kucha mpaka watoto wote wakawa wameondoka.

Ndio maana nikilinganisha hizi njia sianzi na wateja wangapi utapoteza. Naanza na taarifa ngapi utapoteza kwa wale wanaobaki, kwa sababu hao hawatakuambia kwamba wamekasirika.

Kwa mtoto inakuwaje

Kuna wanaosema mtoto wa miaka mitatu anajua nini kuhusu vyama, kwake ni karatasi ya rangi tu. Kweli, chama hakijui. Ila makundi anayajua, tena mapema kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Patterson na Bigler, walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto 87 wa miaka 3 mpaka 5 kwenye vituo vya kulea watoto hivi hivi kama vyetu. Waligawa watoto, wengine kundi jekundu wengine bluu. Kwenye baadhi ya madarasa walimu walizitumia zile rangi, kuita watoto na kupanga darasa, na kwenye madarasa mengine rangi zilikuwepo ila walimu walikaa kama hawazioni. Baada ya wiki 3 tu watoto wa madarasa yote walikuwa wanalipendelea kundi lao, na pale ambapo mwalimu mwenyewe alikuwa anazitumia rangi, kwenye baadhi ya vipimo upendeleo ulikuwa mkubwa zaidi. Wiki tatu, na rangi ambayo haikuwa na maana yoyote. Kampeni inachukua miezi.

Sasa ukitundika bendera ya chama ukutani au walezi wakavaa fulana za mgombea, mtoto haoni sera, anaona kwamba Anti na rangi hii ni kitu kimoja. Akirudi nyumbani akakuta baba kavaa rangi nyingine, au kasikia baba anawasema vibaya watu wa rangi ile, yule mtoto kawekwa katikati ya watu wawili anaowapenda na hana maneno ya kulisema hilo. Atalisema kwa kugoma kuingia asubuhi, au kwa kumsukuma mwenzake ambaye mama yake huwa anamleta na kofia ya upande mwingine. Na usisahau nyimbo, mtoto wa miaka minne akisikia wimbo wa kampeni siku mbili ameushika wote, siku ya tatu anauimba mezani kwa babu yake.

Ukikaa kimya kituoni mtoto hapotezi chochote hapa, kwa kweli nimejaribu kutafuta anachopoteza sijakiona. Kupiga kura anaweza kujifunza kwa kuchagua mchezo wa kucheza leo au hadithi ya kusomewa, kunyoosha mikono, kuhesabu, walioshindwa wakasubiri kesho. Hiyo ni siasa safi ya umri wao na mzazi yeyote atafurahi kuiona.

Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 14, unasema mtoto ana uhuru wa mawazo na dhamiri, halafu unataja kwamba wenye haki na wajibu wa kumwongoza ni wazazi au walezi wake wa kisheria, kwa kadri anavyokua. Kituo hakikutajwa pale, na mi naona ni sawa, mzazi ametukabidhi mtoto siku nzima ila hakutukabidhi na hiyo.

Hoja za wanaoonyesha, na zina uzito

Nisiwe nadharau upande huu, kuna watu ninaowaheshimu wanaonyesha wazi na wana sababu.

Ya kwanza ni ukweli. Wanasema mzazi ana haki ya kumjua anayemwachia mtoto, kwa nini nijifiche halafu aje kujua kwa njia nyingine akaona nilimdanganya. Hii hoja naielewa ila naona inachanganya mambo mawili, mzazi anachohitaji kujua kuhusu wewe ni unavyomshika mtoto akilia, unavyomwadhibu au kutomwadhibu, usafi, nani mwingine anaingia humo ndani, na hayo yote unaweza kuyaweka wazi bila kutaja ulimpigia nani kura. Akikuuliza uso kwa uso wewe unamuunga mkono nani, mjibu au mwambie kwa heshima hapa sijibu hilo. Hujamdanganya.

Ya pili ni biashara, kwamba ukijionyesha unapata watu wako, wazazi wanaofikiri kama wewe wanakuja na wanakaa, wanakutetea na wanakutangaza. Hii inatokea kweli, hasa sehemu ambayo karibu watu wote ni wa upande mmoja. Lakini fanya hesabu. Kituo cha watoto 20 wakiondoka 3 umepoteza asilimia 15 ya mapato, na gharama zako hazijashuka hata kidogo maana walezi ni walewale, pango ni lilelile, na nafasi ya mtoto haijazwi kwa siku moja kama kiti cha saluni. Ili bango lilipe inabidi likuletee wapya wengi kuliko linaowafukuza, na hao wapya wengi wao wanakuja kwa sababu ya uchaguzi, uchaguzi ukiisha na mgombea akaboronga unabaki na jina lake getini.

Ya tatu ndiyo nzito, nimeifikiria sana. Kuna mtu ambaye siasa kwake sio kushabikia, ni kuwepo. Chama fulani kinasema watu wa kabila lake au dini yake au waliotoka alikotoka waondoke, sasa wewe unamwambia kaa kimya kituoni, ni kama unamwambia ajifiche. Huyu mi siwezi kumwambia anyamaze. Ninachomwambia ni kwamba kuna kuonyesha kwamba familia zote zinapokelewa hapa, picha za watoto wa kila aina ukutani, salamu kwa lugha zote za wazazi wako, sheria ya kituo iliyoandikwa kwamba hakuna mtoto wala mzazi atakayetukanwa kwa asili yake, hiyo weka kubwa kabisa mlangoni na usiombe radhi kwa mtu. Mzazi anayeudhika kwa hilo kaudhika kwa sababu watoto wa wenzake wapo, na hiyo sio sawa na mzazi anayeudhika kwa jina la mgombea. Mstari upo hapo, kulinda watoto wote waliomo ndani ni kazi yako, kumnadi mtu mmoja anayetaka kura sio kazi ya kituo.

Kwa walezi

Hii watu wanaisahau kabisa. Bango ni la mwenye kituo ila wanaosimama chini yake siku nzima ni wafanyakazi, na kati yao wapo wasiomtaka huyo mgombea na hawawezi kusema kwa sababu mshahara unatoka kwako. Mzazi akija na hasira zake hakukuti wewe, anamkuta binti wa zamu ya asubuhi. Na mlezi mzuri akichoka akaondoka pengo linalobaki sio dogo, kwa mfano Uingereza (England) sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, maana yake akiondoka mmoja kuna watoto watatu huruhusiwi kuwapokea mpaka umpate mwingine.

Ukichagua kutoonyesha, basi iwe kwa wote, usije ukaondoa bango halafu ukamwachia mlezi unayempenda avae kofia ya chama chenu na yule wa upande mwingine umwambie avue. Hapo umefanya vibaya kuliko kutundika.

Sheria, kwa kifupi

Inategemea ulipo na aina ya kituo, kwa hiyo soma leseni yako na mkataba wa ruzuku kama unapokea. Nikupe tu mifano uone nchi zinavyofikiri. Marekani tangu 1954 taasisi zisizo za faida zenye msamaha wa kodi wa hisani haziruhusiwi kumpigia debe wala kumpinga mgombea, kwa hiyo kituo kilichosajiliwa hivyo kikifunga bango kinaweza kuhatarisha huo msamaha, wakati kituo cha mtu binafsi cha faida hakibanwi na hilo. Uingereza sheria ya elimu ya 1996 inakataza shule za umma kupigia debe siasa za upande mmoja kwenye kufundisha. Ujerumani tangu 1976 walimu wa elimu ya uraia wana makubaliano yaliyofikiwa mji wa Beutelsbach, la kwanza lao ni kwamba mwanafunzi asizidiwe nguvu na maoni ya mwalimu, na hapo walikuwa wanafikiria wanafunzi wakubwa wanaoweza kubishana. Wa kwetu wengine hata hawajaacha nepi.

Kukaa kimya kabisa nako kuna bei

Sasa hapa nawageukia wenzangu wanaosema mi siasa sitaki, mi ni watoto tu. Ndugu yangu, watoto ni siasa. Mwaka 1971 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujenga mfumo wa malezi ya watoto nchi nzima, wazazi wangelipa kulingana na kipato, na Rais Nixon akaipiga veto, yaani akakataa kuisaini, ikafa pale, mpaka leo mfumo wa namna hiyo hawana. Mwaka 1997 jimbo la Quebec, Kanada, liliamua kinyume chake, serikali ikabeba sehemu kubwa ya gharama na mzazi akawa analipa dola 5 kwa siku. Vyote viwili vilikuwa ni uamuzi wa wanasiasa. Idadi ya watoto kwa mlezi mmoja, kiwango cha leseni, mafunzo, ruzuku, likizo ya uzazi, yote yanaamuliwa na watu waliochaguliwa, na kama sisi tunaojua kazi hii tumenyamaza wataamua wale ambao hawajawahi kubadilisha nepi sita ndani ya saa moja.

Kwa hiyo njia ya katikati ninayoipendekeza ni hii. Jambo, ndiyo. Chama na mgombea, hapana. Unaweza kuandika barua kwa jina la kituo ukitaka idadi ya watoto kwa mlezi isiongezwe. Unaweza kuwaalika wagombea wote, sio mmoja, jioni watoto wakiwa wameshachukuliwa, wazazi wawaulize kuhusu malezi. Unaweza kujiunga na wenye vituo wenzako mkasema kwa pamoja. Mzazi wa upande wowote akisoma barua inayosema mtoto wake ahudumiwe na mlezi asiyeelemewa, haoni umemtenga.

Na wewe kama raia una uhuru wako wote, nenda kwenye mkutano, vaa fulana, changia, pigia watu simu. Tatizo linakuja kwenye simu, kwa sababu wengi wetu namba ya kituo na namba binafsi ni moja, unaposti stetasi ya WhatsApp usiku ukimtukana mgombea wa upande wa pili, asubuhi mzazi anaingia kuangalia picha za mwanawe anakutana na tusi. Kwa mzazi stetasi yako ni mlango wa kituo uleule. Nunua laini ya pili. Gari pia, kama ndilo linalobeba watoto basi ni sehemu ya kituo, stika usiweke, na kama ni lako la nyumbani bandika unavyotaka.

Kitu kimoja ambacho hakina katikati ni picha. Mgombea akija na wapiga picha wake anataka kushikana mikono na watoto, hata awe wa chama chako, hata awe ameleta zawadi, mkatalie. Wazazi waliosaini fomu ya picha walisaini kwa ajili ya albamu ya kituo, hawakusaini sura ya mtoto wao iwe kwenye posta ya kampeni, na ikishaingia mtandaoni huirudishi. Mpokee getini, mkaribishe arudi jioni pamoja na wenzake.

Unachaguaje basi

Kama bado unasita, fikiria mzazi wako mmoja ambaye unajua kabisa hampigii kura mtu wako, halafu jiulize kesho asubuhi akiona hilo bango ataendelea kukuambia kwamba usiku mtoto alitapika? Kama una hakika kabisa ataendelea, na sheria inakuruhusu, na walezi wako wote wamekubali kwa hiari yao, basi uamuzi ni wako na mi sitakulaumu. Mi hakika hiyo nilidhani ninayo.

Kama umeshaonyesha na sasa unataka kutoa, toa jioni watoto wakiwa hawapo, usilifanye tangazo kubwa, ila wale wazazi wawili watatu waliokuwa wamepoa watafute mmoja mmoja uwaambie, nimeondoa lile, naomba asubuhi tuongee kama zamani. Na weka daftari la makabidhiano lenye nafasi ya kuandika dawa aliyopewa na saa, ili hata asiyetaka kuongea aandike.

Yule aliyefunga bango getini nimeongea naye juzi tena. Kalihamishia kwenye ukuta wa nyumba yake, linaonekana vizuri tu kutoka barabarani. Getini kabandika karatasi inayosema siku ya kupiga kura kituo kitafungua mapema kwa saa moja kuliko kawaida, ili mzazi yeyote amlete mtoto kwanza halafu akawahi foleni.